Ufa Chini ya Zulia la Plastiki

Sisi Waingereza tunajisifu kuwa watu wa kusema kweli, ila watoto wetu tunawafundisha kudanganya kwa Kifaransa. Wakifika mwaka wa mwisho wa sekondari, mwalimu huwaambia bila haya: mtihani wa mazungumzo haupimi ulikwenda wapi likizo, unapima kama unajua kuisimulia. Basi mtoto ambaye hajawahi kuvuka hata mto Humber wa hapa kwetu atakaa mbele ya kinasa sauti na kuapa kwamba mwaka jana alikwenda Brittany, kule Ufaransa, kwa treni, akalala kwenye hema, akatenganisha takataka zake, na kwamba treni ni ya polepole kuliko ndege lakini hewa haiichafui sana. Nusu ya darasa la Madam Escreet walikuwa wamelala kwenye hema lile lile moja. Hema lenyewe halikuwahi kuwepo.

Bryony Stathers alikuwa mmoja wao, na kwa uongo alikuwa hafai kabisa. Kifaransa alikipenda, na alikijua kuliko wengi. Lakini kwenye mtihani wa majaribio, mwezi wa pili, Madam Escreet alimtupia swali dogo tu, "Hema lilikuwa na rangi gani?", na msichana akabaki ameduwaa, mdomo wazi, mpaka muda ukaisha. Alama alizopata siku ile ni za kumwonea huruma. Na chuo cha mjini alichotaka kwenda kuendelea na Kifaransa kilikuwa kimesema wazi: bila alama nzuri, asijisumbue.

"Bryony mwanangu, danganya tu!" Madam alimwambia baadaye, akicheka kwa uchovu. "Anayesahihisha yuko mbali huko, hata sura yako haijui. Sema zambarau. Sema lina madoa ya njano. Nani ataenda kulitafuta?"

"Sijawahi kwenda likizo, Madam. Ndiyo maana."

"Hata siku moja?"

"Sisi ndio tunaosafisha vyoo, wengine wakiwa likizo."

Ulikuwa ukweli mtupu. Baba yake, Dale Stathers, alikuwa na kambi ya karavani juu ya ukingo mrefu wa pwani ya Holderness, vile vijumba vya bati vyenye magurudumu ambavyo watu wa miji ya Hull na Leeds hukimbilia jua likichomoza kidogo. Mama yake Bryony alikuwa ameshahamia kwa mume mwingine. Walibaki wawili, baba na binti, na bahari. Na bahari ya kwetu ina tabia yake: kila mwaka hula ardhi, na haishibi. Safu ya karavani aliyoianzisha babu yake Bryony sasa iko ndani ya maji. Wenyeji tunaliona jambo hilo la kawaida kama kodi, tunalilalamikia na maisha yanaendelea.

Madam Escreet hakukata tamaa. Kila Jumatano baada ya masomo alikaa na Bryony akimwimbisha vitenzi vinavyokwenda viwiliwili: kuamua kufanya, kujaribu kufanya, kukataa kufanya, kuahidi kufanya. Kisha mizani ya kulinganisha: hiki kuliko kile, hiki si sana kama kile. Akimaliza, anamrudisha kambini kwa gari lake, kwa sababu njia ni ile ile. Mama yake Madam, Bi Thelma, alikuwa na karavani yake pale kambini, ya rangi ya kijani, safu ya mbele kabisa, dirisha likitazama bahari. Kila mwaka, Ijumaa ya kuingia mapumziko marefu ya mwanzo wa Mei, Bi Thelma alifika na birika lake, akafungua mapazia, akahesabu msimu umeanza.

Mtihani nao ulipangwa Ijumaa hiyo hiyo.

Alhamisi, siku moja kabla, Bryony alitoka asubuhi kwenda kituo cha basi akamkuta baba yake amesimama nyuma ya safu ya mbele, mikono kiunoni, macho chini. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima.

"Kuna nini, Baba?"

"Hakuna kitu."

"Hicho hakuna-kitu mbona kirefu hivyo?"

Ufa ulikuwa umepita nyuma ya karavani zote za mbele, kutoka mfereji hadi uzio, kama mstari uliochorwa na mtu mwenye haraka. Haukuwa mpana. Kidole kingeingia, mkono usingeingia. Lakini mtoto aliyezaliwa pale hahitaji kuelezwa. Ufa ukipita nyuma yako, ardhi uliyosimama juu yake imeshaaga.

"Udongo unapumua," Dale akasema. "Mvua ikinyesha unavimba, jua likiwaka unapasuka. Babu yako aliona nyufa kubwa kuliko huu, na alifia kitandani kwake."

"Na safu yake iko wapi?"

Dale alipangusa uso kwa kiganja. Macho yake yalikuwa mekundu, na Bryony akajua baba yake hakulala, na kwamba ufa ule alikuwa ameuona kabla ya leo.

"Trekta la mkulima Robson linakuja Jumanne," akasema. "Tutazivuta zote nyuma, moja moja. Ni kuvuka mapumziko haya tu, binti yangu. Tukifunga lango wiki hii, watu wakisikia kwa nini, ndio basi. Hatufungui tena. Unanielewa?"

"Bi Thelma anakuja kesho, Baba. Peke yake."

"Atakunywa chai yake, ataangalia meli zake, Jumatatu jioni atarudi kwake mzima. Nakwambia ukingo huu utavumilia. Niahidi hutasema. Si kwa mtu yeyote. Hasa si kwa huyo mwalimu wako."

Kama Dale angekuwa mtu mbaya, mambo yangekuwa rahisi. Lakini huyu ndiye aliyemzibulia Bi Thelma bomba usiku wa Krismasi, ndiye aliyeuza pikipiki yake ili binti yake apate koti la shule. Alikuwa mtu mwema aliyefikwa na maji ya shingo, na watu wa namna hiyo huamini chochote kitakachowaacha waelee siku moja zaidi.

"Nakuahidi," Bryony akasema.

Basi Dale akaleta zulia la nyasi za plastiki lililobaki kwenye uwanja wa gofu ya watoto, akalitandika juu ya ufa mwanzo hadi mwisho. Juu yake akapanga vyungu vya maua, eti mapambo ya mapumziko. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Walisahau yule anayeufunika kwa zulia. Bryony alilikosa basi lake la kwanza asubuhi ile, maana vyungu vingine alivibeba yeye mwenyewe.

Ijumaa ikafika. Shuleni walipanga viti koridoni, na karatasi mlangoni iliyoandikwa KIMYA, MTIHANI. Yeye alikuwa wa mwisho kabla ya chakula cha mchana. Ellis, mvulana wa darasa lake, alitoka chumbani akijipepea kwa mikono.

"Nimekwenda Brittany kwa baiskeli," akamnong'oneza. "Nimelala juu ya mti. Nimekula majani tu wiki mbili. Mimi ni mtakatifu, mtu wangu. Niombee."

Siku nyingine Bryony angecheka. Alikuwa anatazama saa ya ukutani. Bi Thelma huendesha gari polepole, lakini huondoka mapema. Saa hizi yuko njiani, au keshafika na kuweka birika.

"Bryony," Madam aliita. "Ingia mwanangu. Tulia. Ni mimi tu."

Kilikuwa chumba kidogo cha kuhifadhia vitabu, meza moja, viti viwili, na kinasa sauti chenye taa nyekundu. Sheria zake wote walizijua kama sala. Simu zimebaki nje, ya mwalimu na ya mwanafunzi. Taa ikiwaka, hakuna lugha nyingine isipokuwa Kifaransa. Mwalimu anauliza, hasaidii. Na mashine ikizimwa katikati, mtihani umekufa.

Madam alisema jina, namba na tarehe, akabonyeza. Kuanzia hapo kila neno lilikuwa la Kifaransa.

"Mwaka jana ulikwenda wapi likizo?"

"Mwaka jana nilikwenda Brittany na familia yangu," Bryony akasema. Sauti ilitoka laini, mpaka ikamshangaza mwenyewe. "Tuliamua kusafiri kwa treni, kwa sababu treni ni safi kuliko ndege. Tulijaribu kula vyakula vya pale pale. Tulikataa kutumia plastiki."

Kwenye neno plastiki aliliona zulia la baba yake, akapita.

"Vizuri. Mlilala wapi?"

"Kwenye hema. Hema ni dogo kuliko hoteli, lakini ni zuri kuliko hoteli."

"Lilikuwa na rangi gani?"

"Zambarau."

Madam aliinamisha kichwa kuficha tabasamu, akaandika kitu. Bryony alimwona mwalimu wake amefurahi, amefurahi kabisa kama mama aliyeona mtoto akiachia mkono na kutembea. Hapo ndipo alipojisikia vibaya. Kudanganya kumbe ni rahisi. Kwa nini kusiwe rahisi? Alikuwa amefanya mazoezi jana yake kwa kubeba vyungu.

"Na huku kwenu, pwani," Madam aliendelea, "je, likizo zinadhuru mazingira?"

Jibu la hilo lilikuwapo, wamelikariri: takataka ufukweni, magari mengi, samaki wanakufa. Bryony alifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Sekunde zikapita, na taa nyekundu ikawa inamtazama. Ilikuwa kama ule mwezi wa pili umerudi.

Madam alimwonea huruma. Mwalimu haruhusiwi kutia maneno mdomoni mwa mwanafunzi, ila anaruhusiwa kuuliza swali lile lile kwa njia rahisi, na yeye akatafuta njia rahisi kuliko zote, ya mambo anayoyajua mtoto.

"Kwa mfano," akasema polepole, "mama yangu anakuja leo kukaa kwenye karavani yake. Yeye anasema karavani ni bora kuliko hoteli. Unakubaliana naye?"

Moyo wa Bryony ulidunda mpaka akadhani kinasa sauti kitaunasa. Angeweza kusema ndiyo. Neno moja, silabi moja, na alama zake. Alimwona Bi Thelma anavua viatu, anapandisha miguu yake iliyovimba kwenye kiti cha dirishani. Alimwona analala pale.

"Hapana," akasema.

"Kwa nini hapana?"

"Kwa sababu bahari iko karibu kuliko mwaka jana."

"Vizuri," Madam akasema, na kalamu yake ikaweka alama ya vema.

"Leo iko karibu kuliko jana."

Alama nyingine ya vema. Kisha kalamu ikasita. Madam aliinua macho.

Bryony alikuwa ameshika ukingo wa meza. Ahadi ile alikuwa ameitoa kwa Kiingereza, nyuma ya safu ya mbele, huku baba yake akimtazama. Kwa lugha hii hakuwa amemwahidi mtu. Alijua ni hoja ya kitoto, na aliishika hivyo hivyo, kwa kuwa hakuwa na nyingine.

"Ardhi imepasuka," akasema. "Baba yangu ameamua kungoja. Anakataa kusema. Mimi nimeahidi kunyamaza. Baba anaogopa, lakini mimi naogopa kuliko yeye."

Rangi ilimtoka Madam usoni kidogo kidogo. Mkono wake ulikwenda mfukoni kutafuta simu, ukakuta mfuko mtupu, ukarudi mezani.

"Unaweza kueleza zaidi?" akauliza. Ndilo swali la watahini, alikuwa amelitamka mara elfu, na safari hii lilitoka kama la mtu anayekabwa.

"Ufa uko nyuma ya safu ya mbele. Yote."

"Tangu lini?"

"Mimi nimeuona jana. Baba, kabla."

"Karavani ipi... ipi iko karibu zaidi?"

"Ya kijani, Madam."

Madam alifumba macho.

"Kuna zulia juu ya ufa," Bryony akaendelea, kwa vile sasa asingeweza kusimama hata angetaka, machozi yanamdondoka na Kifaransa chake kimenyooka kuliko siku zote. "Si nyasi, ni plastiki. Kuna maua. Nilisaidia kubeba maua. Madam, lazima uende kupiga simu. Usingoje kumaliza."

"Nikizima hii," Madam alisema, bado kwa Kifaransa, kwani mazoea ya miaka ishirini hayavunjiki mara moja, "mtihani wako..."

"Najua."

Madam hakusogea. Alimtazama mtoto, akatazama mashine, na Bryony akaona waziwazi kwamba mwanamke huyu aliyekaa naye kila Jumatano anashindwa kumnyang'anya alama zake, hata sasa. Basi akanyoosha mkono mwenyewe, akabonyeza. Taa ikazimika.

Wakakimbia.

Simu ya Bi Thelma ilikuwa imezimwa. Yeye huiwasha anapotaka kupiga. Mengine anasema ni umbea. Dale hakupokea yake. Madam alimwambia karani wa shule kwa maneno matatu, akamwingiza Bryony kwenye gari, na njiani hakusema lolote mpaka walipopita mnara wa kanisa.

"Baba yako alijua," akasema.

"Ndiyo, Madam."

"Na wewe juzi ulikaa hapo hapo ulipo ukala biskuti zangu."

"Juzi sikujua, Madam. Nimejua jana."

"Jana ina masaa mengi, Bryony."

Bryony alitazama mashamba ya manjano yanavyopita, akatamani Madam amchape, amalize.

Lango la kambi lilikuwa wazi, limepambwa kwa maputo. Magari yalikuwa yameanza kuingia, watoto wanapiga kelele, mtu anachoma soseji. Dale alikuwa amevaa koti lake la kung'aa, anaelekeza magari, anacheka na kila mtu. Alipoona gari la Madam Escreet alinyanyua mkono kusalimia. Alipomwona nani amekaa kando yake, mkono ukashuka.

Madam hakusimama kwake. Aliliendesha gari juu ya majani mpaka karibu na safu ya mbele, akashuka, akapiga teke chungu cha maua, akalikamata zulia kwa mikono miwili na kulivuta.

Jana kidole kingeingia. Leo mguu mzima na kiatu chake.

"Mama!" Madam akapiga ukelele. "Mama, toka!"

Bi Thelma alichungulia mlangoni, aproni kiunoni. "Makelele ya nini? Nimetia maji ya chai sasa hivi. Huna kazi leo?"

"Toka nje, Mama. Sasa hivi. Acha kila kitu."

"Hata viatu?"

"Hata viatu!"

Kikongwe aliangalia uso wa binti yake, akaangalia kile kilichokuwa chini ya zulia, na kwa mtu wa umri wake aliruka ufa ule kwa wepesi wa ajabu, soksi tupu, akishika kikombe. Kikombe ndicho alichokataa kukiacha. Chai ilimwagikia kidole na hakulia.

Watu walikuwa wameshaanza kukusanyika, soseji mkononi. Familia za karavani nyingine za mbele zilitoka zikakimbilia upande wa barabara. Dale alifika anahema.

"Tulieni! Jamani, tulieni! Ni udongo unakauka tu. Mimi nimezaliwa juu ya udongo huu." Akamgeukia Bryony, na sauti ikashuka. "Nilikuomba kitu kimoja."

"Ndiyo, Baba."

"Kimoja tu! Hujui umefanya nini. Umetumaliza."

"Dale Stathers," Madam alisema, "ulimwacha mama yangu apike chai juu ya kaburi."

"Kaburi gani? Liko wapi kaburi? Ukingo huu utavumilia! Mnataka niwaonyeshe?" Alitazama uso mmoja mmoja, wageni wake wa miaka yote, na hakuona hata mmoja aliyemwamini. Hilo ndilo lililomvunja, nadhani, kuliko ufa. Akavuka kwa hatua moja ndefu, akapanda ngazi ya karavani ya kijani, na kupitia dirisha la upande wa nchi kavu wote wakamwona anakaa kwenye kiti cha Bi Thelma, anajimiminia chai kutoka kwenye birika, anainua kikombe juu. "Mnaona? Ingekuwa inaanguka ningekaa humu? Eh?"

Chini, mawimbi yalikuwa yanapiga kwa kishindo, na kila kishindo ardhi ilitoa mlio mdogo, kama meza inayosukumwa.

"Baba, toka!"

"Nitatoka nikimaliza chai!"

Bryony alimjua. Angekaa pale mpaka Jumanne. Wangeita zimamoto, wangeita polisi, na yeye angekaa, kwa kuwa kutoka ni kukiri. Basi hakupiga kelele tena. Madam alimshika mkono wa koti, na koti likabaki mkononi mwa Madam. Bryony alivuka ufa, akapanda ngazi, akaingia, akafunga mlango nyuma yake. Mlango haukukaa. Ulifunguka wenyewe taratibu, ukielemea upande wa bahari.

Alikaa mkabala na baba yake, akavuta kikombe kingine, akajimiminia.

"Toka nje," Dale akasema.

"Kwa nini?"

"Bryony, usinichezee. Toka."

"Si umesema salama?"

"Nimesema toka!"

"Bi Thelma alikuwa anywe chai hapa," Bryony akasema. "Halafu alale hapo, kwenye kitanda kile, mpaka Jumatatu. Kama kwake ni salama, kwangu ni salama. Na mimi nalala hapa. Nipitishie sukari."

Dale alinyoosha mkono kuelekea bakuli la sukari, kwa mazoea tu, na ndipo alipotazama kikombe cha binti yake. Chai haikulingana na mdomo wa kikombe. Upande wa nchi kavu ilikuwa chini. Upande wa bahari ilikaribia kumwagika. Akatazama cha kwake. Hali moja. Akainua macho akamtazama yule mtoto aliyekaa na mgongo kwa dirisha, na nyuma ya kichwa chake hapakuwa na ardhi hata kidogo, bahari tu.

Akatoa sauti ambayo Bryony hakuwahi kuisikia kwa baba yake. Alimkamata chini ya makwapa kama alivyokuwa akimbeba utotoni, akamtoa mlangoni, akamrusha ng'ambo ya ufa mikononi mwa Madam Escreet, naye akafuata, akaanguka kifudifudi kwenye majani, na hapo akabaki, uso chini, mabega yanamruka.

Ukingo ulikuja kuanguka Jumapili, wakati watu wanakula chakula cha mchana, hakuna mvua wala upepo. Karavani ya kijani ilikwenda nao, pamoja na birika la Bi Thelma. Lakini hayo ni ya Jumapili. Ijumaa ile bado kila kitu kilikuwa kimesimama, na wapo wageni waliorudi makwao wakinung'unika kwamba wameharibiwa mapumziko yao kwa ajili ya shimo kwenye majani.

Madam alimkalisha mama yake garini, akarudi kwa Bryony. Alimvalisha koti lake, akamfunga vifungo mwenyewe hadi shingoni, jambo ambalo halina maana kwa msichana wa miaka kumi na sita.

"Nitaandika kwamba mimi ndiye niliyeondoka chumbani," akasema. "Labda watakuruhusu urudie. Siwezi kukuahidi. Nitapigana."

"Sawa, Madam."

"Na hilo hema la zambarau..."

"Sitaki tena hema, Madam."

"La. Nami sitaki." Akamwangalia kidogo, kisha akaenda.

Jioni gari la mwisho lilipotoka, Dale alikwenda langoni kufunga. Bryony alikwenda naye, kumshikia mnyororo. Dale alitoboa maputo moja moja kwa ufunguo, bila haraka.

"Ulimwambia nini?" Dale akauliza, bila kugeuka. "Kwa hicho Kifaransa chako."

"Nilimwambia bahari iko karibu kuliko mwaka jana."

"Hivyo tu?"

"Nilianza na hivyo."

Dale alipitisha mnyororo kwenye vyuma, akakosa tundu, akajaribu tena.

"Hata mimi ningeweza kusema hivyo," akasema.

Bryony alimchukulia kufuli mkononi, akalifunga yeye.

"Basi ungesema, Baba."